Siku Niliyofuta X Nane

Mimi ni mtu wa nyumbani. Si kwamba niliumia mguu ama nilikatazwa kutoka. Napenda tu kukaa. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walitawanyika kila upande, mmoja akafika hata ng'ambo. Mimi mwishoni mwa miaka ya tisini nilifika Kitengela, nikapata nyumba yenye dirisha linalopokea jua la asubuhi, nikaweka mashine yangu ya kufuma sweta chini ya dirisha hilo, na safari yangu ya dunia ikaishia hapo.

Nilikuwa nafuma sweta za shule. Muhula wa kwanza nilikuwa rangi ya damu ya mzee mpaka kwenye nyusi, muhula wa pili kijani, kwa sababu ya manyoya ya uzi yaliyokuwa yanaruka. Watu waliopita walichungulia dirishani kuhakikisha ni kweli mwanamume ndiye anafuma, wakaniita Baba Sweta, jina likashika. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuamka na kwenda. Alipotoka asubuhi aliniachia nyumba kama mtu anayeachia askari zamu.

"Haya, Mzee wa Nyumba," alikuwa akisema. "Usiende mbali."

"Nitafika chooni, mwalimu. Nikichelewa msinitafute."

Nyumba zenyewe zilikuwa nane, zimepangwa kwa safu moja kama mabehewa, za mawe na mabati, na baraza moja refu mbele, upande ule wa kuelekea Kisaju. Upepo wa Kitengela ulifunga milango bila kuuliza mtu. Wakati wa kiangazi pundamilia walikuja mpaka kwenye ua wa seng'enge, wakatuangalia tukianika nguo, kana kwamba sisi ndio tulikuwa tumevamia, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nilizipenda nyumba hizo kuliko inavyofaa kukiri mbele ya watu. Nilijua bati lipi linalia mvua ikianza, na ufa upi ukutani unafanana na ramani ya Ziwa Victoria.

Kwa hiyo siku mwenye nyumba alipokuja kutuambia anauza, mimi ndiye niliyehitaji kuketi.

Tulimwita Shosho, yaani bibi. Alikuwa mama mzee kutoka Nyeri, mfanyabiashara wa mbao tangu zamani, mfupi, kitambaa kichwani, na mkoba aliokuwa anaushika kwa mikono miwili hata akinywa chai. Alituita sote barazani siku ya Jumapili baada ya kanisa.

"Nimezeeka," alisema. "Mimi nataka kurudi nyumbani nipande kabichi. Niko na watu wawili wanataka hii ploti. Mmoja ni mtu wa duka la hadweya. Huyo hataki nyumba, anataka kiwanja tu, aweke stoo ya simiti. Mwingine ni kanjo, baraza la Kajiado."

"Kanjo wanataka nini na nyumba zetu?" aliuliza jirani yetu wa mlango wa tatu, ambaye aliuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na kwa hiyo tulimwita Mama Githeri.

"Wanatafuta nyumba zile zimejengwa tayari. Wanasema kujenga mpya inachukua miaka, na watu wa mshahara kidogo wanataka kulala leo. Wakinunua, wale wako ndani wanabaki ndani, kodi haipandi ovyo. Lakini wanachukua zote nane ama wanaacha. Hawataki moja moja."

Hapo kila mtu alielewa. Kanjo wakinunua, tunabaki. Wasiponunua, tunapisha simiti. Shosho akamaliza chai yake, akanigeukia.

"Wewe wa sweta, si wewe huwa hapa siku zote?"

"Siku zote, Shosho."

"Basi karani wa kanjo akikuja kukagua, wewe ndio utamfungulia. Na umpe chai. Usiongee sana."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukaa nyumbani kuitwa wadhifa. Majirani wote wakaniachia funguo zao. Nilizifunga kwa uzi wa sweta, nikazivaa shingoni, na mke wangu akasema nafanana na ng'ombe wa maonyesho.

Karani alikuja Jumatatu. Kijana Mmasai mrefu, mpole, shati jeupe, ubao wa kuandikia kwapani. Nilimtembeza milango yote minane. Aligonga kuta, akachungulia dari, akafungua na kufunga mifereji ambayo haikuwa na maji. Nilimpa chai ya tangawizi, akanywa vikombe vitatu, na mimi, kwa kufuata maagizo, sikuongea sana. Nilimweleza tu kuhusu bati, ufa, ziwa, na jinsi jua linavyoingia.

"Unataka kujua kama mmefaulu ama hamjafaulu?" Karani alicheka alipoona nimekunja vidole. "Mzee, ngoja. Wakubwa wataamua. Mtaona jibu wenyewe, litawekwa kwa ukuta."

Nilidhani anamaanisha karatasi.

Sasa lazima nieleze jambo moja, ingawa aliyeishi kando ya barabara kubwa nchini Kenya miaka ile hahitaji kuelezwa. X nyekundu ukutani ilikuwa na maana moja tu. Mwaka uliotangulia, vibanda vyote vilivyokuwa vimejibanza kwenye hifadhi ya barabara ya Namanga viliamka vimechorwa X, na wiki iliyofuata tingatinga likapita. Kibanda cha Mama Githeri kilikuwa kimojawapo. Aliokoa sufuria na kibao cha kukalia. Tangu siku hiyo, hata mtoto akichora X mchangani, Mama Githeri aliifuta kwa mguu.

Jumatano nilikuwa nafuma mikono ya sweta za kijani, redio iko juu, mashine inalia krr, krr, krr. Mtu angeweza kuegesha treni barazani nisisikie. Nilichosikia ni Mama Githeri.

"Baba Sweta. Toka nje."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitoa kitini. Nilimkuta ameketi kwenye saruji, miguu imenyooka mbele, sinia limeanguka kando. Nikafuata macho yake. Kwenye ukuta wa kila nyumba, kando ya mlango, kwa urefu wa kifua, kulikuwa na X nyekundu. Nane. Rangi bado mbichi, inachuruzika.

"Hata sufuria sijaosha," Mama Githeri alisema. "Nimetoka kibandani nikakuja kwa mawe. Nikasema mawe hawataguza."

Mtu mwenye busara angeuliza. Angetembea mpaka barabarani, amtafute aliyechora, aseme, ndugu, hii ni nini. Lakini hiyo ilihitaji kutoka. Mimi niliangalia X iliyo kando ya mlango wangu, nikaona tingatinga tayari linameza dirisha langu na jua lake, na nikafanya kitu ambacho kiliweza kufanywa bila kuvuka ua. Nilichukua mafuta ya taa ya stovu na mwili wa sweta uliokuwa umeharibika, nikaanza kufuta.

"Ukifuta watajua?" aliuliza Mama Githeri.

"Watajuaje? Hao wa tingatinga huangalia alama. Hakuna alama, hakuna tingatinga."

Aliinuka hapohapo. Alileta kibuyu chake cha mafuta ya taa na sketi kuukuu. Tulifuta kutoka mlango wa kwanza hadi wa nane, yeye anasugua kwa hasira ya mwaka mzima, mimi nasugua kwa woga wa siku hiyo. Rangi haikutoka yote. Kila ukuta ulibaki na doa la waridi lenye ukubwa wa sinia, kama shavu lililopigwa kofi. Lakini X haikuonekana tena hata moja.

Majirani waliporudi kutoka kazini jioni walinishukuru kwa mkono. Mmoja aliniletea soda. Nilikaa barazani nikiinywa taratibu, nikajiona mwanamume aliyeokoa mtaa bila kuvaa viatu.

Mke wangu alisimama mbele ya doa letu, daftari za wanafunzi mkononi.

"Na kama haikuwa ya kubomoa?"

"Mwalimu, X nyekundu? Wewe mwenyewe huweka X nyekundu kutwa. Kuna mtoto hufurahi?"

Aliingia ndani kusahihisha daftari zake, na mimi, nisiyezoea ushindi, nikalala vizuri.

Ushindi huo ulidumu mpaka Alhamisi jioni, wakati Shosho alipoingia langoni bila salamu. Mkoba ulikuwa unashikwa kwa mkono mmoja. Hilo halikuwa limewahi kutokea.

"Nani amefuta alama zangu?"

Baraza zima, ambalo jana lilininunulia soda, lilinigeukia kwa pamoja.

"Ni mimi, Shosho. Walikuwa wameweka X. Wanataka kubomoa."

"Kubomoa nini? Ni kanjo waliweka. Hiyo X ni ya kununua."

Nikasikia Mama Githeri akivuta pumzi nyuma yangu.

"Yule mkubwa wa nyumba wa kanjo amepita hapa leo na kamera, wewe mashine imekuziba masikio," Shosho aliendelea. "Apige picha za nyumba ziko na alama. Amekuta zimefutwa. Kwao mwenye nyumba akifuta, maana yake amekataa. Ameandika nimekataa. Mimi. Na kamati inakaa kesho asubuhi Kajiado. Wakinipita kesho, Jumamosi mtu wa hadweya anakuja na wakili, na mimi nitamuuzia, kwa sababu sina miaka mingine ya kungoja. Kabichi haipandwi na maiti."

Mke wangu ndiye aliyeuliza kilichokuwa kichwani mwa kila mtu.

"Sasa nani ataenda Kajiado?"

Ningependa kuandika kwamba nilijitolea. Ukweli ni kwamba niliangalia viatu vya watu wengine kwanza, kimoja kimoja, halafu nikaangalia vyangu.

Kajiado si mbali na Kitengela. Watu huenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nimeishi kando ya barabara hiyo karibu miaka sita na sikuwa nimewahi kufika. Mke wangu alinifungia mandazi, chupa ya chai, sweta mbili na shati la kubadilisha.

"Hili shati la nini?"

"Usije ukakwama ng'ambo."

Shosho alinipa barua aliyoiandika kwenye karatasi ya daftari. Ndani ya basi, mapema Ijumaa, niliifungua. Ilikuwa na mistari miwili: *Mimi sijakataa. Aliyefuta ndiye huyu analeta barua.* Halafu sahihi.

Nilishuka Kajiado siku ya soko la mifugo. Mbuzi walikuwa wanajua njia kuliko mimi. Mzee mmoja aliyeshika kamba ya fahali alinisalimia kwa Kimaasai, "Sopa," na mimi nikamjibu, "Sopa."

"Unajibu Epa," alinifundisha.

"Epa."

"Sasa umechelewa," akasema, akacheka, akanionyesha ofisi za kanjo kwa fimbo.

Karani wangu alikuwa mlangoni, shati lilelile jeupe. Alinitambua mara moja.

"Mzee wa tangawizi. Kumbe hutembea?"

Nilimpa barua. Aliisoma, akainua macho, akaisoma tena. Nikamweleza yote: mashine, redio, Mama Githeri, mafuta ya taa. Nilitoa kwenye mfuko kile kipande cha sweta ya kijani nilichofutia, chenye rangi nyekundu iliyoganda, maana niliogopa hawataamini kama kweli alama ziliwahi kuwepo.

"Lakini mzee," alisema, "ulifuta kwa nini?"

"Kwa sababu ni X."

"Ukienda kupiga kura, unaweka nini kwa karatasi?"

"Mimi naweka X."

"Unaweka kwa yule hutaki, ama kwa yule unataka?"

Nilijiona nimesimama ndani ya darasa, mwalimu anangoja, na jibu liko wazi kwa kila mtu isipokuwa mimi.

"Kwa yule nataka," nilisema.

"Fomu yetu imeandika, weka X kwa nyumba iliyochaguliwa. Sisi tukaweka."

Kama angenikaripia ningejisikia vizuri zaidi. Alinichukua taratibu kwa kiwiko, akaniingiza kwenye chumba ambamo kamati ilikuwa ndiyo kwanza inavuta viti. Walikuwa watu saba hivi, na mama mmoja mnene mwenye miwani ndiye aliyekalia kiti cha mwenyekiti. Karani aliweka barua mezani, na juu ya barua akaweka kile kitambaa. Mama akakiinua kwa ncha ya kalamu.

"Hii ni nini?"

"Ni mwili wa sweta, mama," nilisema. "Bila mikono."

"Na wewe ni nani?"

"Mpangaji. Ndiye nilifuta."

Alisoma barua ya Shosho kwa sauti. Kicheko kilianza pembeni, kikazunguka meza, na mwenyekiti akakingoja kiishe kama mtu anayengoja mifugo ivuke barabara.

"Wewe mpangaji. Nyumba si yako. Ukaona alama ya kubomoa. Wengine wangefunga virago watafute kwingine. Wewe ukachukua mafuta ya taa. Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, yenye maneno kama *kutokana na* na *hivyo basi*. Yote yalipotea.

"Mama, mimi sijui kukaa kwingine," nilisema. "Hata huku nimekuja kwa sababu nimeambiwa nisipokuja nitahama. Nimefungiwa shati la kubadilisha."

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta kwa leso.

"Tunatafuta nyumba za nani, waheshimiwa," aliwauliza wenzake, "kama si za huyu?" Halafu akanigeukia. "Mimi siwezi kupitisha nyumba bila picha ya alama. Mkubwa wa nyumba anapita tena Kitengela saa tisa akienda Nairobi. Akikuta X nane, tumenunua. Akikuta saba, hatujui wewe. Karani, mpe rangi."

Hivyo ndivyo nilivyorudi Kitengela na mkebe wa rangi nyekundu mapajani na brashi mfukoni, nikiushika ule mkebe kama Shosho na mkoba wake. Ilikuwa saa saba na nusu nilipofika. Mke wangu alikuwa darasani, majirani kazini. Nikaanza na mlango wa nane, kwa sababu sikuwa nimewahi kushika brashi na niliona heri nijifunzie mbali na kwangu. Nilifika mlango wa tatu kabla ya kusikia sauti.

"Baba Sweta."

Mama Githeri alikuwa amesimama na mwiko wa githeri, ule mkubwa.

"Niambie hiyo si ile naona."

"Ni ile, mama. Lakini sasa ni nzuri."

"Juzi ulikuwa unafuta, leo unachora. Kanjo wamekununua?"

"Wananunua sisi wote. Ukipiga kura unaweka nini?"

"Sijawahi kupiga. Mistari huwa mirefu na mimi niko na sufuria kwa moto."

Hapo nilikwama, maana ushahidi wangu wote ulikuwa huo. Alinisogelea. Niliangalia mwiko, nikaangalia saa, nikamwambia neno ambalo halikuwa na ujanja wowote.

"Mama, nimetoka Kajiado. Mimi mwenyewe. Nimeenda kwa basi."

Mwiko ulishuka. Alinitazama viatu vyenye vumbi jekundu, sweta mbili mwilini jua likiwaka, na mkebe.

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi lazima ni kweli," alisema. Aliegemeza mwiko ukutani na kunishikia mkebe. Ukutani kwake alinisimamisha, akachukua brashi, akaichora mwenyewe, X kubwa kuliko zote, polepole, bila kuchuruzisha hata tone. Kisha akarudi nyuma hatua mbili kuiangalia, na sijui alikuwa anaona nini, lakini alikaa hapo mpaka githeri ikaanza kunuka kuungua.

Mkubwa wa nyumba alifika saa tisa na robo, akapiga picha nane, akaniuliza kama mimi ndiye yule. Nilisema ndiye. Mwezi haukuisha, Shosho alikuja kutuaga. Alinipa mkono, akasema kwamba nikifika Nyeri nitakula kabichi, kisha akajirekebisha mwenyewe, akasema atazituma. Na kweli alizituma, gunia zima.

Kanjo hawakuharakisha kupaka kuta rangi mpya, na sisi hatukuwakumbusha. X zilikaa miaka, jua likizifanya waridi. Mke wangu alikuwa akiwaonyesha walimu wenzake yetu na kuwaambia kwamba huo ndio mtihani pekee ambao mumewe aliwahi kupata X na kupita.

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Vihiga, alifika mlangoni, akaona ukuta, akakataa kuketi. Alikuwa amesikia habari za X hata huko. Kuku aliyekuja naye alibaki kwapani.

"Mwanangu, mnangoja nini? Fungeni vitu."

Mke wangu akamweleza: kanjo, fomu, kura, mafuta ya taa, kamati. Mama mkwe alisikiliza yote akiwa wima. Mwishowe akaniangalia pale nilipokuwa, kwenye mashine, uzi wa kijani mapajani.

"Huyu alienda mpaka Kajiado?"

"Alienda, mama."

"Na akarudi siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

Akamweka kuku chini, akavuta kiti, na habari za X hakuziuliza tena. Jioni nzima alitaka tu kusikia nilivyopanda basi.